Majina Yaliyoitikiwa Bandani

Kama una sahani mbele yako, ifunike kwanza au umalize. Habari hii siisimulii mbele ya mtu anayekula. Nilishamharibia jirani yangu mchuzi wa pweza, na mpaka leo salamu yake kwangu ni ya nusu mdomo.

Ilianza na benchi. Goodness, mke wa Laurean, alikuwa na kawaida ya kufagia banda la mpira la mumewe asubuhi kabla ya kwenda kazini kwake, kwenye duka la dawa hapa Kilindoni. Asubuhi hiyo alikuta benchi la mbele limelowa. Mvua haikunyesha na mabati yalikuwa mazima. Ilikuwa jasho. Alama ya makalio mapana na mapaja ilikuwa imejichora ubaoni, mbichi, na chini yake kidimbwi cha rangi ya mkojo wa mgonjwa. Alipoinama akasikia harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile kali ya kutoa machozi, na nyuma yake harufu nyingine, ya utumbo wa samaki uliosahauliwa kwenye ndoo juani.

"Mh! Watu wengine hata kuoga wanaona kazi," akasema, akaziba pua na kitenge.

Akapiga deki kwa dawa ya choo, akafunga kufuli, ufunguo akautia kwenye sidiria. Mchana akapita kuangalia. Benchi lilikuwa limelowa tena, palepale, makalio yaleyale.

Banda lenyewe lilikuwa la aina mnayoijua: mabati juu, mbao pembeni, televisheni mbele, mabenchi, na joto la watu. Banda umiza, kama tunavyoita. Laurean Kaijage alikuja Mafia kutoka Bukoba kufundisha hesabu, akaacha chaki akashika rimoti. Alikuwa mrefu, mcheshi, msafi wa kupita kiasi, mtu wa kupiga pasi hata jezi. Na michezo aliipenda yote, si mpira peke yake. Ukutani aliwachoresha wanamichezo wake, na wote walikuwa marehemu. Kulikuwa na bondia Eladio Monteverde wa Kuba, ngumi mbele ya kidevu. Ottavio Brancalossi wa Italia juu ya baiskeli. Ilka Verebes, mwanamke pekee, mwogeleaji wa Hungaria. Kipa Kwabena Ofosuhene wa Ghana, viganja kama makasia. Na Zerihun Abayneh, mkimbiaji wa Ethiopia, anakimbia peku.

Hapa hakuna aliyewajua. Laurean ndiye aliyetujulisha. Kabla ya mechi alishika kipaza sauti akasimulia, fulani alishinda nini, fulani alifia wapi, na alisimulia vizuri jamani, mpaka wavuvi wa dago, watu wa Kilwa na Mkuranga waliopiga kambi kwa msimu tu, walifuta machozi kwa ajili ya Mwitaliano ambaye hawakuwahi kumwona. Akimaliza anapaza sauti: "Ottavio Brancalossi! Mwendesha baiskeli! Italia!" Na banda zima, makarani, walimu, wavuvi, bodaboda, pamoja na Goodness mwenyewe aliyekuwa akiuza soda mlangoni, wanajibu kwa mkupuo: "Yupo!"

Anataja wa pili, "Yupo!" Wa tatu, "Yupo!" Mabati yanatetemeka. Wengine walikuja kwa ajili ya hilo tu, mpira baadaye.

Nami nasema, Mungu anisamehe, ule ulikuwa upuuzi. Kwetu hapa jina la maiti huliachi litoke mdomoni peke yake. Unaanza na marehemu, unamaliza na Mungu amrehemu, mbele umefunga na nyuma umefunga. Na kuitika wito badala ya mtu aliyekufa, hilo hata mtoto wa chekechea hafanyi. Sasa wanaume wazima na ndevu zao wanashindana nani ataitika kwa nguvu zaidi!

Halafu angalia mahali penyewe. Nyuma ya ukuta ule wenye picha, ukuta huohuo mmoja, kulikuwa na choo cha banda. Shimo lilijaa tangu zamani. Mwenye adabu anaingia chooni kwa mguu wa kushoto na kumwomba Mola amkinge na wanaokaa mle. Pale watu waliingia mbio wakipiga kelele za magoli, na wengine hata kuingia hawakuingia, walikojoa ukutani kwa nje, mpaka mbao zikawa nyeusi na funza wanapanda wanashuka. Mashujaa wa Laurean walikuwa wameegemezwa mgongo hapo.

Aliyemwonya alikuwa Mbaraka, nahodha wa ngalawa kutoka Kilwa, mtu mpole, hana makuu. Alimvuta kando baada ya mechi.

"Bwana Lau, wale watu wako ukiwataja sema marehemu. Na hiyo yupo, yupo, iache."

Laurean akacheka. "Nyie watu wa pwani bwana, mnaogopa hata kivuli cha kuku. Sisi kanisani tunawataja marehemu kila Jumapili."

"Mnawataja mnawaombea. Wewe huwaombei, unawaitikia. Na aliyeitikiwa lazima awepo."

"Kwa hiyo Mwitaliano atakuja Kilindoni kwa baiskeli?"

"Mwitaliano haji," akasema Mbaraka. "Mwitaliano kalala. Atakuja mwingine aliyesikia kuwa kuna nafasi."

Laurean akampiga bega, akampa soda. Yakaishia hapo.

Baada ya benchi ikaja sauti. Banda likisema "Yupo!" na kunyamaza, kuna mmoja alichelewa. "Yuuupo." Sauti nzito, ya majimaji, kama ya mtu anayesema na uji mdomoni, na ilitoka nyuma ya picha. Vijana wakaangua kicheko. "Nani kakwama chooni huko? Mpelekeni karatasi!" Mmoja akatoka kwenda kuchungulia, akarudi amekunja uso, anatema mate. Hakukuwa na mtu, alisema, ila funza wote walikuwa wamepanda juu ya ukuta wakatulia, wamejipanga, vichwa vimeelekea ndani.

Ukiambiwa hivyo si unaondoka? Hawakuondoka. Mechi ilikuwa nzuri.

Zamu ya Laurean mwenyewe ilikuja mchana, jua la utosi, banda tupu. Aliingia chooni akakaa huko mpaka Goodness, aliyemletea chakula, akaanza kuita. Alipotoka shati lilikuwa limemganda mwilini, na ile harufu ya benchi ilitembea naye.

"Kuna mtu aliniita mle ndani," akasema.

"Mtu gani?"

"Sikumwona. Aliita jina la Brancalossi. Taratibu, kama mimi ninavyoita."

Goodness akaweka chakula chini. "Ukaitika?"

"Nikasema yupo. Mazoea tu, Gudi, mdomo umezoea." Akatabasamu, na tabasamu likaisha kabla halijafika machoni. "Nilipofungua mdomo kitu kikaingia. Cha moto. Kina nywele."

Akakaa akala. Alikula chakula chake na cha mkewe, akala mifupa ya samaki changu kwa kuitafuna, akaramba sufuria. Jioni alikula tena. Kesho yake Goodness alipika ugali, wakawa wanakula sahani moja kama siku zote, na Goodness akahisi kitu kigumu kati ya meno. Akadhani gamba la samaki. Akakitoa akakitazama. Ulikuwa ukucha wa mguu, mzima, mweusi, mnene, uliovimba na kung'oka kwa sababu ya kupigwapigwa na njia, wa mtu aliyekimbia maisha yake yote. Kwenye mzizi wake kulikuwa na nyama kidogo, laini. Na alikuwa ameshautafuna.

Alitapika mpaka tumbo likabaki kujikamua tupu. Laurean alimshika mgongo, anamwambia pole, pole mke wangu, na kiganja kilikuwa kimevimba, kizito, vidole vinene vimejaa maji ya njano chini ya ngozi. Goodness akaruka kando kabla hajajua anafanya nini.

"Usinione kinyaa, Gudi," Laurean akanong'ona. Macho yalimjaa machozi, na hayo yalikuwa macho yake hasa. "Mimi bado nipo humu. Wananikalia tu juu."

"Sikuoni kinyaa."

"Unaniona."

"Nitakutoa," akasema Goodness. "Nasema kweli, Lau, nitakutoa humo." Na alipokuwa akisema hayo alikuwa amekaza koo ili asitapike tena mbele yake.

Alimpeleka hospitali, na huko kiganja kikawa kimenywea chenyewe. Daktari kijana mstaarabu alimpima kila kitu akasema hana ugonjwa, ana nguvu za farasi. Goodness akafungua kitambaa akamwonyesha meno aliyoyakuta kwenye kikombe cha chai cha mumewe, meno makubwa ya njano, mizizi mirefu, ufizi umeng'ang'ania. Daktari akamwambia Laurean apanue mdomo. Meno yake yote yalikuwepo, meupe, yamejipanga. Daktari akasogeza kiti chake nyuma, akanawa mikono, akanawa tena.

Mzee wa kanisa naye alikuja na Biblia, mtu wa imani, simcheki. Alianza kuomba vizuri. Laurean akapiga mbweu moja, ndefu, na mle kwenye mbweu mlikuwa na choo cha banda kizima, na yule mzee akatoka ameshika mdomo, viatu akaviacha.

Kilichomvunja Goodness kilikuja siku moja wakati wa magharibi, taa hazijawashwa, adhana imekwisha na majirani wote wameingia ndani, Laurean amekaa kitandani anakohoa kikohozi kidogo cha mtu aliyekabwa na mwiba, anaonyesha kooni kwa kidole, anamwomba kwa macho amsaidie, naye Goodness akajikaza, akamshika kidevu, akatia vidole viwili ndani ya kinywa kile kilichonuka, akagusa kitu chembamba chenye utelezi, akakivuta, kikaja, unywele, mrefu, wa rangi ya mchanga, umelowa, unanuka dawa ya maji ya bwawa la kuogelea, akavuta zaidi ukaja mwingine na mwingine, fungu zima la nywele za mwanamke mzungu zikitoka kwenye koo la mume wake na makamasi na vipande vya chakula, zikamfika magotini, zikafika sakafuni, na kila alipotaka kuacha Laurean alimshika mkono asiache, mpaka mwisho wake ukatoka, na mwisho ule ulikuwa umeshikamana na kipande cha ngozi ya kichwa kilichoanza kuoza.

Laurean akavuta pumzi. Kisha akasema, kwa ile sauti ya uji mdomoni, "Ahsante. Sasa kuna nafasi zaidi."

Goodness alikimbia mpaka kwa Mbaraka, kambini, bila viatu.

"Shemeji, pole," akasema Mbaraka, hakumuuliza mengi. "Niliogopa hili. Kuna mama kijiji cha Baleni anaitwa Bi Sheikha. Ni mganga, na ni mwosha maiti. Nitamleta kesho."

Bi Sheikha alikuja asubuhi juu ya bodaboda. Mama mfupi, mnene, sauti ya kukwaruza, dera la maua. Goodness akamwamkia shikamoo, akaitikia "Marahaba mwanangu," huku anaingia. Hakuziba pua. Alimkalia Laurean karibu, akamnusa kwapa, akamnusa kinywa, akamfunua kope, akambonyeza vile vidole vilivyovimba mpaka usaha ukamrukia mkononi, akaufuta kwenye dera lake.

"Nimeosha watu waliokaa baharini mpaka kaa wamehamia," akasema. "Huyu hanitishi."

"Ni wale wachezaji, mama?" Goodness akauliza kwa sauti ya chini.

"Wachezaji gani! Wale maskini ya Mungu wamelala kwao, hawana habari kama kuna kisiwa kinaitwa Mafia. Humu yumo mmoja tu. Mchafu wa chooni, hana jina, hana ukoo, hana hata sura. Nyie mkampa majina, na mkamwitikia kila jioni kuwa yupo. Kayavaa. Na nguo aliyovishwa na umati haivuliwi na mtu mmoja. Mimi peke yangu simuwezi."

"Sasa tufanye nini?"

"Wote walioitikia warudi palepale, wakati uleule. Nitawataja marehemu kwa heshima yao, nao wajibu, hayupo. Kila jina likikataliwa atalivua." Akamgeukia. "Na wewe uliitikia?"

"Kila siku, mama."

"Basi na wewe njoo. Lakini nisikilize vizuri. Atakapobaki uchi atatafuta nguo ya karibu. Likishakataliwa jina la mwisho, la yule mkimbiaji, nitainua mkono. Nikiinua mkono mtu asifungue mdomo. Hata akiitwa na mama yake aliyemzaa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Laurean, na wewe umesikia?"

Kutoka ndani kabisa, kwa mbali, Laurean akasema, "Nimesikia, mama. Fanyeni haraka. Pananuka humu."

Goodness akalia. Kwa muda wote ule hakuwahi kufikiri kuwa naye Laurean alikuwa anaisikia ile harufu.

Jioni walijaa. Mbaraka aliwaleta wenzake wote wa dago, bodaboda wakaja, makarani wakaja na kola zao. Kila mmoja aliambiwa mlangoni maneno ya Bi Sheikha, na kila mmoja akatikisa kichwa kuwa ameelewa. Walikaa kwenye mabenchi yaleyale. Laurean aliwekwa mbele, ndoo katikati ya magoti, Goodness kando yake kwa sababu mwenyewe alitaka ashikwe mkono. Bi Sheikha alichoma ubani. Ubani ule haukusaidia kitu. Ulichanganyika na kinyesi, ikawa harufu mpya, tamu, ya kunata, iliyokaa ulimini ukaimeza kila ulipomeza mate. Nyuma ya ukuta wa picha kulisikika kitu kinajikwaruza, laini, kama mamia ya vitu vidogo vinapanda kwa pamoja.

"Marehemu Eladio Monteverde," Bi Sheikha akaita, "bondia wa Kuba, Mungu amrehemu!"

Watu waliitika kwa woga, kila mtu na wakati wake. "Hayupo."

"Mnanong'ona nini? Mlipoitikia mlinong'ona? Marehemu Eladio Monteverde, Mungu amrehemu!"

"Hayupo!"

Laurean akainama. Meno yakamtoka, hayakuwa machache, yalimiminika, yakagonga ndoo kama kokoto, na damu nyeusi ya ulingoni ikayafuata, na mtu mmoja benchi la nyuma akaanza kutapika.

"Marehemu Ottavio Brancalossi, mwendesha baiskeli wa Italia, Mungu amrehemu!"

"Hayupo!"

Magamba ya vidonda yakamtoka, mapana, yamejaa changarawe na lami, akayatema moja moja huku midomo inapasuka.

"Marehemu Kwabena Ofosuhene, kipa wa Ghana, Mungu amrehemu!"

"Hayupo!"

Vidole vikapasuka. Kile kiganja alichokuwa amekishika Goodness kilifunguka ndani ya kiganja chake mwenyewe, usaha wa moto ukamwagika mpaka kwenye kiwiko, naye hakumwachia, nampa hilo, hakumwachia, ila alifumba macho na kugeuza uso kando, akawa anahesabu majina yaliyobaki, mawili tu, mawili tu, Mungu wangu yaishe, mume wangu namtaka lakini uchafu huu uishe.

"Marehemu Ilka Verebes, mwogeleaji wa Hungaria, Mungu amrehemu!"

"Hayupo!" Sasa walikuwa wanapiga kelele kwa hasira, maana kinyaa kikizidi kinageuka hasira, na kila mtu alitaka kutoka nje, na kadiri nywele zilivyotoka kwenye lile koo na kujikunja ndani ya ndoo mpaka ikajaa ikamwagika miguuni mwa watu wa mbele, ndivyo walivyozidi kupiga kelele, wamesimama, wamekanyagana, wameziba pua kwa mashati, na sauti yao imeshakuwa moja tena, ile ya zamani, ya mkupuo, ya jioni za mechi.

"Marehemu Zerihun Abayneh, mkimbiaji wa Ethiopia, Mungu amrehemu!"

"Hayupo!"

Kucha zikatoka, nyeusi, nyingi, na Bi Sheikha akaanza kuinua mkono wake, na mkono ule ulikuwa haujafika hata begani pale sauti nyingine ilipoita, sauti nzuri, changamfu, iliyokuwa ikiwakaribisha watu bandani mwaka mzima, sauti ya Laurean mwenyewe ya kwenye kipaza sauti, lakini midomo ya Laurean ilikuwa imefungwa:

"Laurean Kaijage! Mtangazaji! Tanzania!"

"Hayupo!"

Banda zima. Mabati yakatetemeka. Mbaraka peke yake ndiye aliyekuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akitikisa kichwa. Na sauti iliyotangulia zote, ya juu, ya haraka, ya mtu anayetaka yaishe, ilikuwa ya Goodness.

Alifumbua macho. Laurean alikuwa anamtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao tu, kama mtu aliyefungiwa mlango na mtu wa nyumbani kwake.

"Gudi?" akasema.

"Yupo!" Goodness akapiga kelele. "Yupo! Laurean yupo! Jamani semeni yupo!"

Wakasema. Wengine walisema wakilia. Lakini kitu cha mwisho kilikuwa kinatoka kwenye kile kinywa, na hiki hakikuwa na uchafu wowote. Ilikuwa pumzi tu. Ikapita usoni kwa Goodness, akaisikia, harufu ya mume wake, shingo yake, shati lake asubuhi, harufu ambayo alikuwa hajaisikia tangu siku ya choo. Ikapita juu ya mabenchi, ikatoka mlangoni.

Nyuma ya ukuta kukawa kimya. Bi Sheikha akaketi sakafuni, ndani ya uchafu ule, akafunika kichwa kwa mtandio. "Mmemvisha," akasema. "Mmemtoa Laurean, mkamvisha yule mwili wake."

Na yule aliyekaa kwenye benchi akajifuta mdomo. Akasimama, akajinyoosha mgongo, mzuri, mzima, kiganja hakina hata mkwaruzo. Harufu iliisha yote. Watu wa karibu naye wanasema hakunuka kabisa, si jasho, si sabuni, si mwili, kama vile mbele yao hapakuwa na mtu. Akawaangalia kwa zamu akitabasamu, akashukuru kwa kufika kwao, akauliza mechi ya leo ni saa ngapi.

Kisha akamgeukia mke wa Laurean.

"Goodness!" akaita, kwa upole, kwa sauti ileile nzuri.

Laurean hakuwahi kumwita hivyo, alimwita Gudi. Lakini mdomo wa Goodness ulikuwa umeshaanza kufunguka, mazoea ni kitu kibaya, na Bi Sheikha akamrukia kutoka pale chini, akamjaza kitenge kinywani kwa mkono wote, kitenge chenyewe kimelowa usaha. Goodness akaking'ata. Akakinyonya usaha wake na kuumeza, akakaza taya, na hakuitika.

"Goodness," akaita tena, akisogea. "Goodness."

Banda liko wazi mpaka leo na mechi zinaonyeshwa. Wageni wanalisifu kwa usafi, na mwenyewe wanamsifu kwa ukarimu. Sisi hatuendi. Goodness anakaa Baleni kwa Bi Sheikha, anaosha naye maiti, na kazi anaijua, hakuna kinachomtia kinyaa tena. Wakati mwingine mchana, jua la utosi, mtu mrefu aliyevaa jezi iliyopigwa pasi husimama barabarani mbele ya nyumba ile akaita jina lake, akangoja, akaita tena. Kwa hiyo siku hizi Goodness haitiki kabisa, kwa yeyote, hata kwa mama yake kwenye simu. Ukiwa na shida naye usimwite. Ingia ndani, umguse bega.